Kwenda Ruiru Kutafuta Jina la Ugonjwa

Dada zangu wa kwaya, kila Jumapili mnanizunguka nje ya kanisa mkiniuliza ilikuwaje, nami nawajibu kwamba nitawaambia siku nyingine. Siku yenyewe ndiyo hii. Nimeona niandike, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza, mmoja ataanza kuniombea, mwingine atakumbuka ya shangazi yake, na hatutafika hata Juja. Mambo ya vibali nitayaruka. Tuko katika Hali ya Hatari na kila mmoja wenu ana yake ya vibali, kwa hiyo hamhitaji yangu.

Majengo, Thika

Mnakumbuka nilivyokuwa. Jua la mchana linachoma watu nami nimevaa koti la mume wangu Eliya, nimelifunga vifungo vyote. Nywele zilibaki kwenye kitana. Uso ulivimba nikawa kama mtu aliyeamshwa sasa hivi. Sauti nayo ikashuka, ikashuka, mpaka mkanihamisha kutoka safu ya mbele mkanisimamisha karibu na wanaume wa besi, mkacheka sana. Mimi pia nilicheka, ila nilichelewa. Ninyi mlikuwa mmeshaendelea na ubeti wa pili.

Nyumbani hapakuwa na kicheko. Eliya alikuwa akitoka kiwandani anakuta moto haujawashwa na mimi nimekaa kwenye kigoda nikiangalia kuni. Sitamsingizia mume wangu, alivumilia sana. Aliwasha moto mwenyewe, akapika mwenyewe, na majirani wakamcheka. Lakini ikaja siku ambayo nililala nikiwa nimekaa, ungo wa mahindi mapajani, na Mideva wetu, mtoto wa miaka mitatu, mtoto wetu wa pekee, akatoka akaenda zake. Alikutwa kando ya reli akiokota kokoto. Mama Wambui, jirani yangu, ndiye aliyemleta akiwa amembeba mgongoni, na mimi nilikuwa bado nimelala.

Eliya akapeleka habari nyumbani kwa kaka yake mkubwa, Zakayo, maana baba yao alishafariki na Zakayo ndiye anayeamua mambo ya ukoo. Jibu lililetwa na mtu aliyekuwa akirudi Thika kazini. Zakayo alisema hivi: kama mke wako ni mgonjwa, daktari atamke ugonjwa wenyewe jina lake, na sisi sote tutasaidia auguzwe. Kama madaktari hawaoni ugonjwa, basi ni uvivu, na mtoto hawezi kuuawa na gari moshi kwa ajili ya uvivu wa mama yake. Atakuja kulelewa na bibi yake. Akasema atakuja mwenyewe baada ya mavuno kusikia jibu.

Kwa hiyo niliyokuwa nikiitafuta hata haikuwa afya. Afya nilishaikatia tamaa. Nilitaka daktari mmoja tu aseme jina.

Mama Wambui alinitayarisha. Aliniangalia jinsi ngozi ilivyokuwa imepauka, imepasukapasuka mpaka kwenye viwiko, akashika kichwa.

"Ngai! Huwezi enda mbele ya daktari ukiwa hivi. Atasema huyu hana watu."

Akaleta mafuta ya mbarika, yale mazito ambayo mama yake hukamua, akanipaka kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, akanisugua mpaka nikang'aa kama chupa. Kitambaa cha kichwa alikifunga chini sana, kikafunika paji la uso na mahali ambapo nyusi zilikuwa zimeanza kwisha. Akaniazima viatu. Nilipotoka nje, watu waliniamkia kama bibi harusi.

Kwenye zahanati ya mji kulikuwa na mabenchi manne: la kichwa, la tumbo, la kifua na la vidonda. Dresa, msaidizi wa daktari, alisimama mlangoni akigawa watu.

"Wewe ni wa nini?"

"Mwili wote," nikasema.

"Mama, hapa hakuna benchi ya mwili wote."

Nikakaa la tumbo kwa sababu lilikuwa karibu. Zamu yangu ilipofika, yule dresa akaniuliza bila kuinua macho, "Habari yako, mama?"

Nikamjibu, "Njema."

Nani kati yenu angejibu vingine? Mtu akikuuliza habari, unasema njema, ndipo maneno mengine yafuate. Lakini yeye alikuwa ameshaandika. Akanitazama mara moja, mkono unang'aa, shavu limejaa. "Ngozi ni nzuri, umenona, na habari ni njema. Sasa unataka nini?" Kabla ulimi wangu mzito haujapata neno, alikuwa amenipa chumvi ya haluli na kumwita mwingine. Ile chumvi ilinimaliza siku nzima. Jioni Eliya akauliza daktari amesema ninaumwa nini, nikamwambia amesema nimenona.

Mtaa wa Wahindi

Daktari wa pili alikuwa Mhindi mwenye chumba nyuma ya duka la vitambaa, anayesifiwa Thika nzima kwa sindano. Watu wa kwetu mnawajua: dawa ya kunywa wanaitilia shaka, lakini sindano wanaiamini hata kabla haijaingia. Mama Wambui alinipaka mafuta tena, na mara hii akaongeza mengine usoni.

Yule daktari alikuwa mpole, nitamsema vizuri. Alinikalisha, akaniuliza hedhi yangu ya mwisho ilikuwa lini. Nikamwambia sikumbuki, imepita miezi mingi. Akagusa tumbo, ambalo lilikuwa limevimba kwa kukosa choo. Akatabasamu.

"Mama, hongera! Wewe mtoto iko."

Nilitaka kumwambia kwamba nimewahi kubeba mimba na haikuwa hivi. Lakini mtu anapokupa furaha, nawe hujaonja furaha mwaka mzima, unaipokea. Nilichomwa sindano ya kuongeza damu nikaenda nyumbani. Eliya alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini. Habari zilifika kwa Zakayo, na Zakayo akatuma salamu: kumbe ni mimba ndiyo inamlaza, shemeji apumzike, asibebe maji. Kwa majuma mengi niliishi kama malkia. Mama Wambui alinichotea maji, Eliya aliniletea maini, na kila aliyepita aliuliza mtoto atakuja lini.

Hakuja. Tumbo lilibaki vilevile, mwezi ukaisha na mwingine ukaingia. Nikarudi kwa daktari. Akanipima mara mbili, akakuna kichwa, akaniuliza, "Sasa mimba imeenda wapi?" Aliuliza kama vile nimeidondosha njiani nikija.

Dada zangu, sijawahi kuona aibu kama ile. Afadhali uvivu. Mtaani walisema nilidanganya ili nilishwe maini. Aliyeniumiza kuliko wote ni Eliya. Aliacha tu kuleta maini. Nilianza kumwangalia Mideva akicheza na nikajikuta nahesabu nguo zake, zipi zitamfaa kwa bibi yake, kwenye baridi ya milima ya kwetu.

Thika hadi Ndarugu

Mama Wambui ndiye aliyesikia habari za Ruiru. Alisema kuna daktari mwanamke, Mzungu mwenye umri, anayewatibu wake za wafanyakazi wa mashamba ya kahawa, na kwamba haharakishi. Anakuja siku moja tu kwa juma, kwa hiyo niliondoka siku moja kabla. Nikamwachia Mideva, nikapakwa mafuta mara ya tatu, nikapanda lori lililokuwa linapeleka magunia matupu. Dereva aliitwa Barasa, mtu wa Bungoma, akanipa nafasi mbele kwa sababu tunatoka upande mmoja wa nchi.

Lori lilichemka kabla ya mto Ndarugu. Barasa akashuka na kopo kwenda kuchota maji, na wakati huohuo askari wa kizuizi wakatushusha wote.

"Unaenda wapi, mama?"

Jibu nililijua. Lakini mnakumbuka jinsi maneno yalivyokuwa yananitoka, moja baada ya jingine, mazito, kama mtu anayevuta gunia. "Nina... kwenda... Ruiru... kwa daktari."

Askari akasogea akanitazama macho yaliyovimba. "Hii mama amelewa."

"Sijalewa, afande."

"Hata hio 'sijalewa' imechelewa." Akanusa mdomo wangu, hakusikia kitu, na hilo likamfanya anishuku zaidi. Akachora mstari barabarani kwa kirungu, akaniambia niutembee. Nikayumba. Miguu yangu wakati huo ilikuwa inayumba hata nikiwa kanisani. Watu wote wa lori wakacheka, na Barasa, aliyekuwa amerudi na kopo lake, hakunitetea. Niliona machoni mwake kwamba ameamini.

Nikaamriwa kukaa kando ya barabara pamoja na walevi wengine mpaka pombe initoke. Lori likaondoka. Nilikaa pale jua likizunguka, nikingoja kulevuka bila kulewa. Mlevi mmoja wa kweli, fundi wa kujenga kwa mawe, alikuwa na huruma. Alivunja hindi lake la kuchoma akanipa nusu.

"Mama, wewe ulikunywa ya nani?" akaniuliza kwa heshima. "Hiyo ni kali kabisa. Mimi nimekunywa tangu jana na bado nasimama."

Nikamwambia ninaumwa. Akatikisa kichwa akasema hata yeye huwa anawaambia hivyo. Alasiri yeye akaachiliwa, wengine wakaachiliwa, nikabaki mimi. Askari alikuwa akija, ananitazama, anasema, "Bado?" na kurudi zake. Mwishowe mawingu yakakusanyika, naye hakutaka kulowa kwa ajili yangu. Akasema niende tu, nitalevukia mbele.

Kambi ya mkonge, Juja

Mvua ilinikuta kati ya mashamba ya mkonge, pasipo na mti wala banda. Sikuweza kukimbia, kwa hiyo nilitembea ndani yake. Viatu vya Mama Wambui vilijaa tope nikavishika mkononi. Nikaanguka mara moja, nikaanguka tena kwenye mtaro, na maji ya mtaro yakaondoka na kitambaa changu. Nilikitazama kikienda. Mtu mwenye afya angekirukia.

Nilikaa kwenye ule mtaro na nikasema kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, kwamba sasa basi. Kwamba Zakayo amchukue mtoto, atunzwe na mtu anayeweza kukimbia. Nilisema hivyo, na sikuwa natania. Kilichoniinua hakikuwa imani wala ujasiri, ni baridi. Niliogopa baridi kuliko nilivyoogopa kumkosa mwanangu, na nikajichukia kwa hilo.

Nikafika kwenye kambi ya wakata mkonge. Mlango wa kwanza niliobisha ulifunguliwa na mwanamke aitwaye Selina, na kumbe ni wa milima ya kwetu kabisa, anajua mpaka kijito tunachochota maji. Alinivua nguo, akanikalisha kwenye moto, akaniwekea ugali na mboga ya mrenda. Nilipokuwa nikimeza tonge la tatu, mumewe na wageni wawili walikuwa wamemaliza, wamenawa na wamelala. Nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, hata nilipochukua muda kutafuta neno hakunitafutia.

Kisha akasema, "Nikuambie ukweli? Ningekuwa mimi ndiye shemeji yako, hata mimi ningesema ni uvivu."

Nilimpenda kwa kusema hivyo. Wengine wote walisema pembeni.

Asubuhi Selina alitafuta mafuta ya kunipaka. Kambi nzima ilikuwa imeishiwa. Alibisha kwa wanne, akarudi na mikono mitupu, akaniambia kilichopo ni mafuta ya taa peke yake. Mvua ilikuwa imeniosha mpaka chembe ya mwisho ya mbarika ya Mama Wambui. Ngozi yangu ilikuwa ya kijivu, inapukutika magamba, kichwa wazi, nywele chache zimesimama huku na huku.

"Utaenda hivyo hivyo?" Selina akauliza, na alikuwa anaona aibu kwa niaba yangu.

Ruiru

Nilipata kupanda tela la trekta lililokuwa likipeleka vibarua upande wa Theta, na kutoka hapo nikatembea. Siku ya daktari ilikuwa ndiyo hiyo. Wanawake walijaa kwenye mabenchi ya hospitali, wote wamejipaka mafuta, wote wanang'aa, vitambaa safi vichwani. Walisogea mbali nami. Mmoja alivuta mtoto wake. Nilikaa mwisho nikafunika kichwa kwa mikono.

Daktari alikuwa mrefu, amekonda, miwani imeshuka puani. Dresa wake, kijana wa watu aitwaye Njoroge, alikuwa akitafsiri. Nilipoingia tu, yule mama hakukaa. Alisimama akinitazama kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti.

"Habari yako?" akaniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake.

"Njema."

"Hapana. Si njema. Sema."

Nikasema. Nilichukua muda mrefu, na Njoroge alitaka kunikatisha, daktari akamzuia kwa mkono. Alipitisha ukucha wake juu ya mkono wangu ukaacha mstari mweupe kama chaki kwenye ubao. Akagusa pale nyusi zilipokuwa. Akanipigisha magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia nje, akanigonga nyuma ya kifundo kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu ukaruka, halafu ukarudi polepole, polepole, kama mtu anayerudi nyumbani akiwa hana hamu. Akamwita Njoroge aje aone. Akagonga tena. Akafurahi kabisa, mashavu yakawa mekundu. Nilikuwa nimepiga magoti pale nusu uchi na wao wanafurahia mguu wangu, sikujua nikasirike au nishukuru.

Akasema kitu, Njoroge akatafsiri. "Anasema una tezi hapa shingoni. Kazi yake ni kuwasha mwili moto. Yako imelala."

"Ina jina?"

"Nini?"

"Ugonjwa. Una jina?"

Daktari akalitaja. Nikamfanya Njoroge alirudie mpaka ulimi wangu ukashika kipande chake: thairoidi. Nililisema mara nyingi. Najua mtanicheka, lakini nilitaka kumbusu yule mwanamke miguu.

Akaniuliza kwa nini sikutafuta daktari mapema. Nikamwambia niliwaona wawili Thika. Akakasirika. "Na hawakuona hii ngozi?"

"Nilikuwa nimepakwa mafuta," nikasema.

Njoroge aliangua kicheko kabla ya kutafsiri. Alipotafsiri, daktari hakucheka hata kidogo. Alivua miwani akaifuta. Kisha akamtuma Njoroge nje awatangazie wanawake wote kwamba kuanzia sasa hakuna kuja hospitali ukiwa umejipaka mafuta. Kule nje nikasikia sauti moja ya Kikuyu ikiuliza kwa uchungu, "Atĩ nini? Tuje kama tumetoka kaburini?" Na kwa kweli nilipotoka walinitazama mimi.

Dawa ilikuwa vidonge. Njoroge alieleza kwamba vimetengenezwa kwa tezi ya shingo ya kondoo iliyokaushwa. Nikauliza kama siwezi kula shingo ya kondoo tu, Eliya angependa hivyo. Daktari akasema hapana. Nitameza kila siku, na nisitegemee nafuu mara moja, mwili utaanza kuamka baada ya majuma.

"Mpaka lini?" nikauliza.

Hili daktari alijibu mwenyewe, polepole, ili nisikose kuelewa. "Maisha yote. Kila siku. Ukiacha, ugonjwa narudi."

Nikasema asante. Nilikuwa na furaha sana hata sikulisikiliza jibu lenyewe.

Ruiru hadi Thika, kwa gari moshi

Hapa ndipo palipokuwa na raha ya safari yote, na ni fupi kama njia yenyewe. Nilikaa daraja la tatu karibu na dirisha, nikala ndizi mbili alizonipa Njoroge, na nikawa nalisema lile jina kimoyomoyo ili lisinipotee. Kumbe kulikuwa kunatoka sauti. Mama mmoja mwenye kuku kapuni akaniuliza, "Unaongea na nani?"

"Na ugonjwa wangu," nikamwambia.

Akahamisha kuku wake. Sikujali. Nilikuwa napanga nitakavyomwambia Zakayo akija baada ya mavuno, nitakavyokaa, nitakavyolitamka.

Nyumbani

Zakayo alikuwa ameshafika. Mavuno yaliwahi mwaka huu. Nilimkuta amekaa kitini, Mideva amelala mapajani mwake, Eliya amesimama mlangoni. Hawakunikaripia kwa hali niliyokuwa nayo. Zakayo alisimama akanipa kiti chake, akasema, "Pole na safari, shemeji. Kunywa chai kwanza."

Nikanywa. Halafu nikasema, "Daktari ameuona. Unaitwa thairoidi."

Akaniomba nirudie. Nikarudia, nikaeleza habari za tezi, na moto wa mwili, na mguu uliochelewa kurudi. Zakayo akafunika uso kwa mikono. Alipoondoa mikono, dada zangu, alikuwa amelengwa na machozi. "Kumbe ni ugonjwa," akasema. "Shemeji, nilikukosea. Nilikuita mvivu mbele ya watu. Nisamehe." Eliya akaja akanishika bega. Tangu tuoane hakuwahi kunishika hivyo mbele ya kaka yake. Kama ningeinuka nikaenda kulala wakati huo, labda mambo yangekuwa mengine.

Zakayo akauliza, "Na utapona lini?"

Nami kwa majivuno yangu yote, nikitoa vidonge niwaonyeshe, nikasema, "Hii dawa ni ya maisha yote."

Zakayo akavichukua vile vidonge, akavigeuza kiganjani.

"Yaani huponi," akasema Zakayo.

"Napona. Nikimeza napona."

"Na ukiacha?"

"Unarudi."

"Na hii dawa inatoka Ruiru. Siku barabara ikifungwa je? Yule Mzungu akirudi kwao je?"

Zakayo hakupaza sauti hata mara moja, na hilo nataka mlielewe, maana mmekuwa mkimtukana. Alizungumza kama mtu anayepiga hesabu ngumu. "Mtu wa malaria anameza dawa, anapona, anaacha. Anayemeza mpaka kaburini hajapona, shemeji. Uvivu ningeukemea ukaisha. Huu, daktari mwenyewe amesema hauishi." Akamwangalia Mideva. "Na reli iko pale pale."

"Eliya," nikasema.

Eliya alikuwa anatazama chini. "Aende kwa mama kwa muda," akasema. "Kwa muda tu."

"Muda gani?"

"Mpaka upone."

Jina la ugonjwa nililitafuta mwenyewe, nikalibeba kutoka Ruiru, nikawapa mkononi. Kama ningerudi bila kitu ningeitwa mvivu, na ningepigania mwanangu kama mvivu anavyopigania: kwa kuapa kwamba nitabadilika. Sasa nilikuwa nimejifungia mlango huo kwa kinywa changu.

Zakayo na Mideva waliondoka asubuhi ya kesho yake. Kituoni Mideva alilia, akanivuta koti mpaka kifungo kikakatika. Nilimvisha sweta. Nilimwambia amsalimie bibi. Nilisimama pale na macho yangu yalikuwa makavu, hayakuwa hata na unyevu, na ndani hamkuwa na kitu, kama nyumba iliyohamwa. Vidonge nilikuwa nimemeza kimoja tu. Gari moshi lilipoanza kutembea nilimsikia Zakayo akimwambia Eliya dirishani, kwa huzuni ya kweli, "Umeona? Hata uchungu hasikii."

Sokoni

Nimemeza kila siku. Majuma ya kwanza hapakuwa na tofauti, nikadhani hata huyu daktari amekosea. Kisha siku moja nilikuwa natembea kwenda sokoni nikasikia joto. Nikafungua kifungo cha koti, nikafungua cha pili, nikalivua lote nikalibeba mkononi. Watu walikuwa wanapita nami nilikuwa natembea kwa mwendo wao.

Nilifika kwa yule mama wa nyanya mnayemjua, aliye pale kona ya mwisho. Nilikuwa nachagua, nikibonyeza moja moja, na mkononi mwangu ikabaki nyanya ndogo, ya kujaa kiganja cha Mideva. Uchungu ulikuja bila kubisha. Nilikaa chini kwenye vumbi katikati ya soko nikalia, kwa sauti yangu ya zamani, ile ya safu ya mbele, mpaka watu wakaacha kununua.

Mama wa nyanya alizunguka meza yake akanishika mabega.

"Mama Mideva! Ũũi, Mama Mideva, kwani ni nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Ni dawa imeanza kufanya kazi."